Kansa ya puru: tukate sasa, au ngoja ngoja safari hii haiumizi matumbo?

Mwaka 2022 mwezi wa 6 grupu letu la familia lilichafuka kwa klipu moja: dawa mpya Marekani imemaliza kansa ya utumbo, wagonjwa 12 kati ya 12, hakuna aliyepasuliwa, hakuna aliyechomwa mionzi. Shangazi akaandika Mungu ni mkubwa, mjomba akauliza inauzwa duka gani, habari ikazunguka wiki nzima kama zinavyozunguka zile za stafeli na mlonge. Shida ni kwamba safari hii klipu haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli, ila kweli iliyokatwa mkia.

Baadaye mama yangu mkubwa, mkulima wa korosho huko Lindi, akakutwa na kansa hiyohiyo. Miaka miwili alikuwa anaona damu chooni na kila akienda kuulizia anaambiwa bawasiri, kapewa dawa ya kupaka, jirani kampa mizizi ya kuchemsha, na yeye mwenyewe alikuwa anaona haya kuvua nguo mbele ya vijana wa kliniki wenye umri wa wajukuu zake, kwa hiyo jibu la bawasiri lilimfaa kila mtu. Alipokuja kupigwa kamera Dar uvimbe ulikuwa sentimita chache tu juu ya njia ya haja kubwa. Akachomwa mionzi, akapigwa kemo, zile dawa za kuua seli za kansa, miezi ikapita, kamera ikarudiwa. Daktari akaangalia, akaangalia tena, uvimbe haupo. Limebaki kovu jeupe. Kikachukuliwa kinyama, maabara wakasema hamna seli za kansa. Tukapiga vigelegele palepale kwenye benchi mpaka nesi akatoka kutunyamazisha. Alafu daktari wa upasuaji akatuita akasema, sawa, sasa tupange tarehe ya oparesheni, na mfuko wa kutolea kinyesi utakuwa wa maisha.

Oparesheni ya nini tena jamani, si imeisha?

Mi si daktari, naomba hilo lieleweke kabisa, ni mtu niliyekaa mabenchi ya hospitali na mgonjwa na usiku nikawa nasoma tafiti kwenye simu mpaka bando linaisha. Nilichokuta ni kwamba swali letu la pale benchi ndo swali ambalo madaktari wa utumbo dunia nzima wamelibishania zaidi ya miaka 20, na bado wanabishana, na kila upande una pointi.

Kwanza tuelewane, puru ni ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kama sentimita 15 hivi kabla ya njia ya haja. Kansa ikiwa juu kwenye utumbo mpana wenyewe, oparesheni inaeleweka, unakata kipande, unaunga ncha mbili, mtu mwingi anaendelea na maisha yake. Puru imekaa kwenye kibonde cha nyonga, imebanwa na kibofu, kizazi au tezi dume, na mishipa ya fahamu inayoendesha mkojo na mambo ya ndoa. Ukigusa vibaya umeharibu vingi. Na kansa ikiwa chini kabisa unaondoa mpaka njia ya haja yenyewe, unaishona, mtu anatolea kinyesi tumboni kwenye mfuko mpaka anaingia kaburini. Mtindo huo aliutangaza daktari wa Uingereza anaitwa Ernest Miles mwaka 1908, na kwa kansa za chini kabisa bado ndo huohuo, umeboreshwa tu.

Tusiwatukane wapasuaji lakini, maana kwenye grupu letu kuna mtu alisema hawa wanataka kukata ili wapate hela. Zamani hata baada ya kukatwa, kansa ya puru ilikuwa inarudi palepale kwa mgonjwa mmoja kati ya wanne au hata zaidi. Mwaka 1982 Bill Heald, wa hospitali ya Basingstoke huko Uingereza, akaonyesha kwamba ukitoa puru pamoja na kifurushi chake chote cha mafuta, kizima, bila kukichana, kansa inaacha kurudi kwa kiwango kile. Ilishuka mpaka chini ya mmoja kati ya kumi. Hiyo haikuwa dawa wala mashine, ni mkono wa mtu kujua pa kupita. Ukimwambia mtu aliyelelewa kwenye shule hiyo kwamba amwache mgonjwa na puru yake, unamwambia aache kitu ambacho amekiona kwa macho kikiokoa watu. Mwamba ngoma huvutia kwake, sawa, ila wakati mwingine ngoma yenyewe ni nzuri.

Sasa upande wa pili ulianzia Brazil. Kuna mama mmoja mpasuaji, Angelita Habr-Gama wa São Paulo. Alikuwa anawapa wagonjwa mionzi na kemo kwanza, uvimbe upungue, ndo akate. Akawa anakutana na jambo la ajabu: baadhi ya puru alizozikata, maabara wakizichunguza hawaoni kansa yoyote. Fikiria hapo, umemkata mtu, umemwekea mfuko, alafu ripoti inakuja inasema hapakuwa na kitu. Na hili si la Brazil tu, sehemu mbalimbali wanaokatwa baada ya mionzi na kemo, kama mmoja kati ya sita au saba hivi anakutwa hana kansa iliyobaki. Yule mama akauliza swali ambalo mtoto wa darasa la 5 angeliuliza: kwa nini nisiwaache hawa nikawa nawaangalia?

Mwaka 2004 akatoa matokeo. Kati ya wagonjwa 265, kulikuwa na 71 ambao uvimbe ulipotea kabisa wakaachwa bila kukatwa, wakifuatiliwa kwa karibu, na maisha yao yalikuwa mazuri kiasi kwamba wenzake wengi Ulaya na Marekani hawakumuamini. Walisema kachagua wagonjwa wepesi, walisema wengine hata hawakuwa na kansa kubwa. Miaka kama kumi hivi alikuwa anasimama kwenye mikutano anapigwa maswali.

Baadaye data zikaanza kujaa kutoka kwingine. Walitengeneza daftari la kimataifa la wagonjwa wa aina hii, hospitali nyingi nchi nyingi zikaingiza watu wao, na mwaka 2018 jarida la Lancet likatoa hesabu ya wagonjwa 880 ambao uvimbe ulipotea wakaachwa. Ndani ya miaka miwili kansa ilichipua tena palepale kwa 25% yao. Yaani mmoja kati ya wanne. Ukiisoma haraka unasema ahaa, wapasuaji walikuwa sahihi. Ila soma tena: karibu yote iliyorudi, 97%, ilirudi kwenye ukuta wa utumbo wenyewe, pale ambapo kidole cha daktari na kamera vinafika, na 88% ilirudi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Ina maana kansa hii ikirudi inarudi mahali panapoonekana na kwa muda unaojulikana, kwa hiyo ukiwa unachungulia utaikuta. Waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa 85%.

Alafu ukaja utafiti wa OPRA kutoka Marekani, ukiongozwa na Julio Garcia-Aguilar wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York. Wagonjwa 324, wote walipewa mionzi na kemo, tofauti ilikuwa ni kipi kitangulie. Waliopewa mionzi kwanza alafu kemo, baada ya miaka 5 zaidi ya nusu, 54%, walikuwa bado wana puru yao. Waliopewa kemo kwanza walikuwa 39%. Na kansa ilichipua kwa wagonjwa 81 waliokuwa wanasubiriwa, 94% ya hizo ndani ya miaka miwili, 99% ndani ya miaka mitatu. Hao waliochipuliwa wakakatwa baadaye walifanana na wale waliokatwa mapema, kwenye kuishi bila kansa kurudi. Hii ndo namba ambayo mashabiki wa kusubiri wanaipenda kuliko zote, kwa sababu inasema ukichelewa kukata ukiwa macho hujapoteza.

Hapa ndo nataka nikae kidogo maana watu wengi wanaruka.

OPRA haikulinganisha kukata na kusubiri. Irudie kichwani. Walipiga kura, yaani bahati nasibu ya kugawa wagonjwa, kati ya kemo kwanza na mionzi kwanza, hawakupiga kura kwamba huyu akatwe na huyu asikatwe. Kila ambaye uvimbe ulipotea au ulikaribia kupotea alipewa nafasi ya kusubiri, na wengine walipelekwa kukatwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia utafiti umethibitisha kusubiri ni sawasawa na kukata, mwambie apunguze spidi. Wanaosubiri ni watu waliochaguliwa na ugonjwa wenyewe kwa kuitikia dawa vizuri, hata ungewakata wangefanya vizuri pia. Na huo utafiti wa kupiga kura kati ya kisu na subira ni mgumu kuufanya, niambie ni mgonjwa gani ambaye kaambiwa uvimbe haupo atakubali sarafu irushwe kuamua kama atembee na mfuko.

Kuna namba nyingine inanisumbua, na imetoka hospitali ileile ya New York, kwa hiyo huwezi kusema ni maadui. Mwaka 2019 walitoa kwenye jarida la JAMA Oncology hesabu ya wagonjwa wao 113 waliokuwa wanasubiriwa. Ambao kansa haikuchipua tena, 1% tu walipata kansa iliyosambaa sehemu nyingine za mwili. Ambao ilichipua, 36%. Thelathini na sita! Sasa hiyo inasomeka namna mbili. Mpasuaji anasema unaona, wakati mnasubiri ile kansa iliyochipua imetuma watoto wake kwenye ini na mapafu, mngekata mapema isingetuma. Mwingine anasema hapana, kansa yenye hulka mbaya ndo inachipua na ndo hiyohiyo inasambaa, ilishasambaa toka mwanzo kabla hata hujaiona, kukata puru kusingebadilisha. Nimesoma hoja za pande zote na naona zote zina akili, na kwa data za namna hii, za kuangalia nyuma, huwezi kuzitenganisha. Anayekwambia ana uhakika upande wowote anakuuzia kitu.

Mfuko nao. Kwenye tafiti unaandikwa kama neno moja tu, stoma, basi, wanaendelea. Huku kwetu mfuko ni stori nzima. Mifuko yenyewe haipatikani kila duka la dawa, ikipatikana ni bei, watu wanafunga mifuko ya nailoni na vitambaa, ngozi inachubuka, harufu, na mtu anaacha kwenda msikitini au kanisani, anaacha kwenda msibani, mume analala chumba kingine. Nilikutana na mzee mmoja pale wodini alisema kansa haikumuua ila mfuko umemzika, alisema huku anacheka lakini macho hayakuwa yanacheka. Ukiwa unapima faida na hasara lazima hiki nacho uweke kwenye mizani, huwezi kuangalia miaka ya kuishi peke yake.

Na usidhani aliyeungwa bila mfuko kapona kabisa. Waliokatwa puru wakaungwa chini, karibu wanne kati ya kumi wanabaki na shida kubwa ya choo, wanakimbia mara kumi kwa siku, wanashindwa kuzuia, wanaenda alafu dakika tano wanaenda tena. Madaktari wa Denmark walitengeneza kabisa alama za kupimia hiyo hali mwaka 2012, na ilikuwa ni kwa sababu miaka mingi mgonjwa akilalamika anajibiwa shukuru umepona. Ila pia, na hapa mashabiki wa kusubiri huwa wanakaa kimya, mionzi yenyewe inaharibu. Inakausha puru, inaweza kumaliza uzazi wa mwanamke kijana na kumwingiza kwenye kukoma hedhi kabla ya wakati, na ngono inakuwa shida. Kubaki na puru si sawa na kubaki na puru nzima kama uliyozaliwa nayo.

Ndo maana utafiti mmoja ambao haukuzunguka sana WhatsApp mi nauona ni mkubwa kwetu kuliko ile klipu. Unaitwa PROSPECT, ulitoka 2023, wagonjwa zaidi ya 1,100, kiongozi wake Deborah Schrag. Hawa hawakujaribu kuondoa kisu, walijaribu kuondoa mionzi. Waligawa wagonjwa wa puru wenye kansa ya kiwango cha kati ambao wangeweza kuungwa bila mfuko wa kudumu, kundi moja mionzi kama kawaida, kundi jingine kemo peke yake na mionzi iwe akiba kama kemo haikufanya kazi. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai bila kansa kurudi walikuwa 80.8% kwa kundi la kemo na 78.6% kwa kundi la mionzi, yaani ngoma droo, na kwenye kundi la kemo ni kama 9% tu waliohitaji mionzi kabla ya oparesheni. Hapa kura ilipigwa kweli, kwa hiyo unaweza kuamini ulinganisho. Sasa fikiria mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi Uganda, pale Mulago, iliharibika na nchi nzima ikakaa bila. Kuna nchi zaidi ya 20 Afrika ambazo zilikuwa hazina mashine hata moja miaka ya karibuni. Kwa watu hao kusubiri baada ya mionzi ni hadithi za Abunuwasi, lakini kemo nzuri alafu mpasuaji mzuri ni kitu unaweza kukipanga. Sisi Tanzania tuna nafuu, kuna Ocean Road, kuna Bugando, foleni ipo ila mashine ipo.

Turudi kwenye klipu sasa. Ile dawa inaitwa dostarlimab, inaingia kwa dripu, haiui kansa yenyewe, inafungua breki za kinga ya mwili ili kinga ndo ishambulie. Wagonjwa 12 wa mwanzo waliandikwa na Andrea Cercek na wenzake, New York hiyohiyo. Na haikuishia pale, mwaka 2025 walitoa tena, safari hii wagonjwa 49 wa puru, wote 49 uvimbe ukapotea. Mi niliposoma niliweka simu chini. Hakuna dawa ya kansa inafanya hivyo. Mkia uliokatwa kwenye klipu ni huu: inafanya kazi hivyo kwa kansa za aina moja tu, zile ambazo seli zake zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa ya DNA, na kwenye puru hizo ni kama 5 mpaka 10 kwa kila 100. Tisini na zaidi waliobaki haiwahusu. Na bei iliyokuwa inatajwa Marekani 2022 ilikuwa kama dola 11,000 kwa dozi moja, na dozi ni 9. Mjomba, haiuzwi duka lolote unalolijua. Ila kipimo cha kujua kama kansa yako ni ya aina hiyo kinafanyika kwenye kilekile kinyama kilichochukuliwa, kwa hiyo kuuliza ni halali, mama mkubwa tuliuliza, hakuwa wa hao.

Sasa kiini cha ubishi wangu mwenyewe. Watu wanasikia kusubiri wanadhani ni kukaa nyumbani. Waliokuwa kwenye OPRA kila miezi 4 kwa miaka miwili ya kwanza walikuwa wanapimwa kwa kidole na kamera, baadaye kila miezi 6 mpaka miaka mitano, na MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kila miezi 6 miaka miwili, alafu kila mwaka. Hiyo ndo tiba yenyewe. Ukitoa hiyo ratiba hujabakiwa na kusubiri, umebakiwa na kansa isiyoangaliwa, na zile namba nzuri zote hazikuhusu tena, kwa sababu zimejengwa juu ya kuidaka mapema ile inayochipua. Na inataka jicho lilelile, daktari anayejua kovu la jana lilikuwaje, si leo huyu kesho yule na faili limepotea.

Kwa hiyo ukiniuliza mwanzo nilikuwa upande gani, nilikuwa upande wa kisu. Nilisema huku kwetu kamera inaharibika, MRI foleni, nauli Lindi Dar, bima inakataa, mgonjwa anaruka kliniki moja, anaruka mbili, alafu anarudi na uvimbe kama embe. Kata, yaishe, arudi kwenye korosho zake. Naona madaktari wengi wa hapa wanafikiri hivyo na sikuwaona wakatili.

Kilichonitikisa ni utafiti mwingine kabisa, haukuwa wa kusubiri. Mwaka 2021 kwenye Lancet, mtandao wa wapasuaji unaoitwa GlobalSurg ulifuatilia wagonjwa 15,958 waliopasuliwa kansa za matiti, tumbo na utumbo mpana, hospitali 428 nchi 82. Waliopasuliwa kansa ya utumbo kwenye nchi maskini walikuwa na hatari ya kufa ndani ya siku 30 kubwa kuliko wa nchi tajiri, na hiyo ni hata baada ya kuhesabu kwamba wanafika ugonjwa umeshaenda mbali. Na ukichimba ndani ndo inauma: matatizo makubwa baada ya oparesheni hayakutofautiana hivyo, kilichotofautiana ni nani anaokolewa akishapata tatizo. Maungio yakivuja usiku wa manane, je kuna mtu wa kugundua, kuna damu, kuna skani, kuna kitanda cha ICU.

Unaona mtego ulipo. Ile hoja yangu kwamba hatuna mfumo wa kufuatilia kwa hiyo tukate, ilikuwa inachukulia kwamba kukata hakuhitaji mfumo. Kumbe hospitali isiyoweza kukuita kila miezi minne kukuchungulia mara nyingi ndo hiyohiyo isiyoweza kukuokoa siku ya tano baada ya oparesheni. Udhaifu ni mmoja, unakula pande zote mbili. Tofauti ni kwamba oparesheni inakuomba ubora kwa wiki mbili au tatu, kusubiri kunakuomba ubora kwa miaka mitano, na mi nadhani nchi zetu zinaweza kujipanga kwa wiki tatu kirahisi kuliko miaka mitano. Ila kwa mgonjwa wa miaka 70 mwenye sukari na moyo, hizo wiki tatu ndo zinaweza kumchukua.

Kwa hiyo naegemea hivi, na mtu akinipinga sitagombana. Uvimbe haujapotea kabisa, au umepungua tu, hapo hamna mjadala, subira hiyo si ya kwako, kata, maana kuna watu wanalazimisha, "umepungua sana daktari", kupungua si kupotea. Umepotea kabisa kwa kidole, kwa kamera na kwa MRI, vyote vitatu, na kansa ilikuwa chini kiasi kwamba kukata ni mfuko wa maisha, na mgonjwa anaishi au anaweza kuhamia mahali pa kuangaliwa, hapo daktari anayekataa hata kulizungumza anamnyima mgonjwa haki yake. Ikiwa kansa ilikuwa juu na ataungwa vizuri, kisu kinapata nguvu. Na mgonjwa ambaye unajua moyoni kwamba hatarudi, kwa umbali au kwa hela au kwa woga, mwambie ukweli mapema asije akachagua kusubiri kumbe kachagua kukimbia. Kuna faraja moja kwenye lile daftari la kimataifa: walipohesabu tena mwaka 2021, aliyefika miaka mitatu bila kuchipua alikuwa na uwezekano wa 97% wa kupita miaka miwili inayofuata bila kuchipua palepale. Mlima wenyewe ni miaka mitatu.

Mama mkubwa tulimweleza yote haya jioni moja, binamu yangu mmoja anapiga kelele akatwe, mwingine yuko Uingereza kwenye video anasema kule wanasubiri, mimi na namba zangu kwenye simu. Alitusikiliza mpaka tukachoka. Alafu akauliza kitu kimoja tu, nikiwa Lindi nani atakuwa ananiangalia? Tukanyamaza. Akasema basi nisipokatwa nakaa kwa mwanangu Mbagala, mikorosho mpeni mdogo wangu.

Ina maana kusubiri kwake kumegharimu shamba, hiyo kwenye utafiti wowote sikuikuta. Ana daftari la shule la kurasa 40, ameandika tarehe za kamera upande wa kushoto na upande wa kulia anaandika yeye mwenyewe, kwa mkono unaotetemeka, "hamna". Zipo "hamna" nne mpaka sasa. Msimu wa korosho ulipoanza alipiga simu kwa mdogo wake kila siku kuuliza bei ya mnadani, na wiki mbili kabla ya kila kamera hali chakula vizuri, anasema tumbo linauma, tunaogopa wote, alafu inakuja kuwa ni ule woga wenyewe tu.